Baiskeli Isiyosogea: Maelezo ya Kipimo cha Moyo, Pamoja na Maneno Yake Katika Kiswahili cha Kigoma

Ipo baiskeli ambayo mtu huipanda, akaikanyaga dakika sita, akatoka jasho, kisha akashuka pale pale alipopandia. Watu wa mijini wanaijua katika vyumba vya mazoezi, nao huihesabu kuwa chombo cha kupunguzia unene. Lakini katika maabara za elimu ya mwili ni mizani hata leo. Kinachopimwa juu yake ni kadiri ya kazi ambayo moyo, damu na misuli ya mtu vyaweza kuifanya kwa kutumia oksijeni ya hewa anayoivuta. Makusudi ya makala haya ni mawili: kueleza jinsi mizani hiyo itendavyo kazi, na kuyachungua maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia anapoieleza. Makusudi hayo hayatengani. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa hesabu inayotoka katika kipimo hiki hutegemea maneno aliyoambiwa mpimwa kabla hajapanda, kama inavyotegemea chuma na mnyororo.

Mifano nimeichukua Kigoma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Katika mji wa Kigoma na Ujiji, na zaidi katika nyanda za juu za Buha, upande wa Kasulu na Manyovu, baiskeli si mchezo. Ni punda wa nyumba. Hubeba madumu ya mawese, mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Sababu ya pili ni ya lugha. Kiswahili cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kimepakana na Kiha na Kirundi upande mmoja, na Kiswahili cha Kongo upande wa pili wa maji, hata neno moja laweza kuvuka ziwa likabadilika maana njiani. Mahali pa namna hiyo mfasiri hana budi kupima maneno yake kabla ya kumpima mtu.

Tuanze na chombo chenyewe. Mbele yake pana gurudumu moja zito, nalo limezungushiwa ukanda. Ukanda ukikazwa hulizuia gurudumu, na mkanyagaji huona kana kwamba anapanda mlima. August Krogh wa Copenhagen alieleza baiskeli ya kupimia kazi mwaka 1913. Breki yake ilikuwa ya nguvu za sumaku na umeme. Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln wa Uswidi alieleza iliyo rahisi zaidi, ambayo ukanda wake umeunganishwa na uzito unaoning'inia kama timazi ya mwashi, na uzito huo huonyesha ukanda unavuta kwa kilo ngapi. Katika namna hiyo ya Kiswidi, ambayo imeenea ulimwenguni, pedeli ikizunguka mara moja, ukingo wa gurudumu hupita mita 6. Basi mtu akizungusha mara 50 kwa dakika, ukingo hupita mita 300. Ukanda ukivuta kwa kilo moja, kazi iliyofanyika kwa dakika ni kilo moja mara mita 300, nayo ni karibu sawa na wati 50. Kwa kilo mbili ni wati 100. Hapana siri nyingine katika chuma chake.

Lakini kama ilivyo kwa mizani ya sokoni, mtu asiamini mshale kabla ya kulijaribu jiwe. Ukanda huchakaa, vumbi huingia, uzito hulegea. Kwa hiyo mpimaji hana budi kutundika mara kwa mara jiwe ambalo uzito wake unajulikana, aone kama mshale unasimama panapostahili. Muuza dagaa wa Kibirizi anaijua kazi hii vizuri zaidi kuliko wengi wenye shahada.

Sasa tuje kwenye msingi wa hesabu. Kukanyaga kwa wati 100 kunadai oksijeni karibu lita moja na nusu kwa dakika, na madai hayo hayatofautiani sana baina ya mtu na mtu, awe bingwa wa mbio au karani. Bei ni moja. Mifuko ndiyo mbalimbali. Bingwa huilipa bei hiyo moyo wake ukipiga polepole, na karani huilipa moyo ukienda mbio. Na kwa kuwa mapigo huongezeka kwa kadiri ya kazi, karibu kwa mstari ulionyooka, yawezekana kumpima mtu kwa kazi ndogo, kisha kuuendeleza mstari huo katika karatasi mpaka ufike kwenye mapigo ya mwisho ambayo moyo wake waweza kupiga, tukakisia angeweza kufanya kazi gani kama angekwenda mpaka kikomo. Hii ndiyo njia ambayo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming wa Stockholm waliichorea jedwali mwaka 1954. Faida yake ni kubwa: mtu hapimwi mpaka kuanguka. Kabla ya hapo A. V. Hill na Hartley Lupton wa Uingereza walikuwa wameonyesha, mwaka 1923, ya kuwa matumizi ya oksijeni yana dari yake, ambayo mtu akiisha kuifikia, hata akiongeza kasi, oksijeni haiongezeki. Dari hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Mfano utalifanya jambo hili wazi. Tuseme mtu wa miaka 40, mwenye kilo 60, amekanyaga kwa kilo moja na mapigo yake yakawa 110 kwa dakika. Kisha kwa kilo mbili yakawa 138. Kazi imeongezeka kwa 300, mapigo kwa 28. Mapigo ya mwisho hukisiwa kwa kutoa umri katika 220, basi kwake ni 180. Kutoka 138 mpaka 180 pamebaki mapigo 42, yaani nafasi ya kazi nyingine 450. Kikomo chake basi ni 600 na 450, jumla 1,050. Kwa kanuni inayotumika sana, kila kilo-mita moja hulipiwa mililita 1.8 za oksijeni, nasi hugawanya kwa uzito wa mwili, kisha huongeza 7 kwa ajili ya mwili wenyewe na kuzungusha miguu mitupu. Jawabu ni mililita 38.5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Si bingwa, wala si mgonjwa.

Msomaji mwangalifu ataona mara moja palipo na udhaifu. Ile 220 ni kadirio tu. Watu wawili wenye umri mmoja huweza kutofautiana kwa mapigo 10 au 12 kila upande. Kama mtu wetu moyo wake waweza kufika 192, jawabu lingekuwa zaidi ya 42; kama ni 168, lingeshuka chini ya 35. Kwa hiyo kipimo hiki ni kizuri zaidi kwa kumlinganisha mtu na nafsi yake, leo na baada ya miezi mitatu, kuliko kwa kumlinganisha na jirani. Tena hesabu inadai umri, na wazee wengi wa vijijini huutaja umri kwa matukio: aliyezaliwa karibu na Uhuru, aliyekuwa mchunga mbuzi wakati wa Vita vya Kagera. Anayeuliza “una miaka mingapi” hupata jibu la adabu tu. Anayeuliza “wakati wa vita vya Amini ulikuwa wafanya nini” hupata jibu linalofaa kwa hesabu.

Hali ya nchi nayo ina neno. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya bahari, kimo ambacho hakipunguzi oksijeni kwa kiasi cha kutisha. Joto ndilo lenye udhia zaidi. Mtu akikanyaga saa nane mchana chini ya paa la bati, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na moyo hulazimika kupiga zaidi kwa kazi ile ile. Karatasi itasema ni dhaifu, na kumbe ni jua. Yafaa kupima saa moja au saa mbili asubuhi, mpimwa akiwa hajanywa kahawa wala hajavuta tumbaku, na chakula kizito kiwe kimepita saa mbili au zaidi. Mwenye homa asipandishwe kabisa, na katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma swali la homa liulizwe kila mara. Asipandishwe pia mwenye maumivu ya kifua mpaka tabibu amemtazama.

Hayo ndiyo ya chombo na ya mwili. Yaliyobaki ni ya lugha, nami sioni kwamba ni madogo.

Jina ambalo hulijia kinywani mwa Mswahili kwa kipimo hiki ni “kipimo cha pumzi”. Ni jina la asili, tena zuri. Shina lake limezaa ukoo mzima: pumua, pumzi, pumzika, pumziko, hata pumu, ule ugonjwa. Katika fikira ya lugha yetu, kupumzika kwahusiana na kuirudisha pumzi iliyokwenda, na mtu aliyeshindwa na mlima hasemi ya kuwa moyo wake umeshindwa, husema pumzi zimemwishia. Lakini kwa kipimo hiki jina hilo lina hasara mbili. Kwanza, mtu aliyeambiwa ya kuwa pumzi zake zitapimwa huanza kuzitunza: hujaza kifua, huzuia hewa, hupuliza kwa nguvu, na wengine hufikiri wanatafutiwa kifua kikuu, nao huingiwa na hofu ambayo peke yake yatosha kuyapandisha mapigo. Pili, jina lamwelekeza mtu kwenye mapafu, na kwa mtu mzima wa afya katika nchi isiyo ya milima mirefu, mapafu aghalabu siyo yanayomzuia. Damu hutoka mapafuni karibu imejaa oksijeni hata katika kazi nzito. Kinachofika kikomo mapema ni kiasi cha damu ambacho moyo waweza kukisukuma, na kiasi cha oksijeni ambacho damu yaweza kukichukua. Mwenda mbio hutweta kwa sababu ya mambo yanayotokea mbali na pua yake.

Basi tuseme “kipimo cha moyo”? Hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Katika Kiswahili moyo ni kiungo kilicho kifuani, na papo hapo ni nia, ushujaa, hamu na ukarimu. Twasema fulani hana moyo wa kazi; amefanya kwa moyo mmoja; amepiga moyo konde; jipe moyo. Si Kiswahili peke yake. Umutima wa Kirundi ni ndugu wa mtima tunaouona katika mashairi ya kale ya pwani, nao pia hubeba dhamiri ya mtu pamoja na nyama yake. Lugha hizi zimeviweka viwili katika chungu kimoja, na katika maisha ya kila siku hapana madhara. Lakini baiskeli ile imetengenezwa ili kuvitenga. Haiulizi kama mtu anataka. Yauliza kazi aliyoifanya imeugharimu moyo wake kiasi gani. Mfasiri anayevichanganya tena anaiharibu mizani.

Uharibifu huo si wa maneno tu, waweza kuhesabika. Turudi kwa mtu wetu wa kilo 60. Msimamizi, kwa wema wake, anamwambia, “Jipe moyo, kaza!” Naye, akidhani ya kuwa bidii yake ndiyo inayopimwa, anazungusha mara 60 kwa dakika badala ya 50. Ukanda wa kilo mbili sasa unafanya kazi ya 720, wala si 600, na mapigo yanapanda mpaka 149. Mwandishi, asiyeangalia mwendo, anaandika 149 mbele ya 600. Ukiifanya hesabu upya, jawabu lashuka kutoka 38.5 mpaka 32 hivi. Mtu amepoteza mililita sita kwa sababu ya bidii yake mwenyewe. Mwenye moyo ameandikwa kuwa hana moyo, na aliyejikalia kitako na kukanyaga kwa ulegevu, lakini kwa mwendo ulio sawa, amepata hesabu ya haki.

Mtu wa Kigoma ana sababu ya kulipima neno “mvivu” kwa uangalifu. Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914, na katika miaka ya ukoloni wa Waingereza Buha ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wakaitwa manamba, neno lililotokana na namba waliyopewa badala ya jina. Wenye mashamba na maofisa wao wakaandika kurasa nyingi juu ya uvivu wa vibarua, lakini mara chache sana waliuliza kama vibarua hao walikuwa na damu ya kutosha mwilini.

Swali hilo lajibika kwa hesabu. Gramu moja ya hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu, huchukua oksijeni mililita 1.34. Mtu mwenye gramu 150 katika lita ya damu huchukua mililita 200 kwa kila lita. Aliyepungukiwa mpaka gramu 90, kwa safura, kwa malaria ya mara kwa mara, au kwa kukosa chakula chenye madini ya chuma, huchukua mililita 120 tu. Wote wawili wakipewa jembe moja na mstari mmoja wa kulima, bei ya kazi ni ile ile, lakini wa pili moyo wake hauna budi kusukuma damu zaidi ili kuilipa, na hufika kwenye dari yake wakati mwenzake bado anapiga hadithi. Kwa macho ya msimamizi, huyu wa pili ni mvivu. Juu ya baiskeli isiyosogea siri yake hutoka mara moja: kwa kilo moja tu ya ukanda, kazi ambayo mtu wa afya huifanya huku akizungumza, mapigo yake yako juu. Mvivu wa kweli hawezi kuyaigiza mapigo hayo. Asiyetaka kukanyaga, mapigo yake hubaki chini.

Mwaka 1973 C. T. M. Davies na J. P. M. van Haaren walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa viwandani wa Afrika Mashariki waliopungukiwa na damu kwa kukosa madini ya chuma, ambao walipimwa katika mazoezi kabla ya kutibiwa na baada yake. Mwaka huo huo Davies alitangaza pia vipimo vya watoto wa Afrika Mashariki, wa mjini na wa shamba, pamoja na athari za kichocho, upungufu wa damu na utapiamlo. Jambo linalojulikana sasa bila shaka ni kuwa damu ikirudi, kazi ile ile hulipiwa kwa mapigo machache zaidi. Nia ya mtu haikubadilika. Kilichobadilika ni damu. Hilo ndilo ambalo lugha inayosema “hana moyo wa kazi” haina njia rahisi ya kulieleza, nasi hatuna budi kuitafutia.

Pendekezo langu ni la neno dogo lililo tayari vinywani mwa watu: mapigo. Moyo waweza kuwa nia, lakini mapigo ya moyo hayawezi kuwa nia. Hayana maana nyingine ila kile kinachodunda kifuani. Kwa hiyo tusimwambie mpimwa ya kuwa tunampima moyo, wala pumzi, wala nguvu, wala ukakamavu. Hilo la mwisho, ambalo limetokana na kukakamaa, lina harufu ya gwaride, na mtu akilisikia huubana mwili wote mpaka mikono. Tumwambie ya kuwa tutahesabu mapigo ya moyo wake anapokanyaga. Katika maandishi ya wataalamu, ile dari ya Hill na Lupton naiita kadiri ya juu ya oksijeni. Kipimo cha kazi ndogo nakiita zoezi la kadiri, na kile cha kumfikisha mtu mwisho, zoezi la kikomo. Stamina, ambayo watangazaji wa mpira wameizoesha masikio yetu, tuwaachie wao, kwa kuwa hapana anayejua inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kuhesabu mapigo nako kwataka maneno machache. Anayehesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne, kosa lake la pigo moja huwa kosa la mapigo manne. Ni bora kupima muda wa mapigo 30: yakichukua sekunde 12, ni 150 kwa dakika. Mapigo ya dakika ya tano na ya sita yasipishane kwa zaidi ya matano. Yakipishana, mwili haujatulia katika kazi, na mpimwa aongezewe dakika nyingine. Jedwali la Stockholm hutumika mapigo yakiwa baina ya 120 na 170 hivi.

Sasa maneno ya baiskeli yenyewe. Bara hapa watu hawaendeshi tu baiskeli, huinyonga. Neno hili lina nguvu ya ajabu: lina picha ya kusokota na kukaba, na lasikika pamoja na nyonga, kile kiungo ambacho huchoka kwanza. Kunyonga baiskeli ni kukanyaga kwa juhudi, kama anayepanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga akiwa na madumu mawili kwenye keria. Kwa sababu hiyo hiyo lisitumike katika zoezi la kadiri. Ukimwambia kijana wa Ujiji “nyonga”, atanyonga kweli, na hesabu ya mtu wetu wa kilo 60 itajirudia. “Kanyaga” ni neno baridi, nalo ndilo linalofaa.

Ng'ambo ya ziwa mambo ni mengine. Baiskeli kwa Kirundi ni ikinga, na katika Kiswahili cha Kongo utasikia kinga. Kwetu kinga ni kile kinachomlinda mtu na ugonjwa, na ndilo neno la kila siku la wauguzi wanapozungumza juu ya chanjo. Mkoa wa Kigoma umewapokea wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Muuguzi anayemwambia mgeni wa namna hiyo ya kuwa “mwili wako una kinga ndogo” asishangae akiulizwa iko wapi. Na mpimaji asione aibu kuonyesha kwa kidole: hii.

Pana haki nyingine ambayo haitegemei maneno, nayo ni ya miguu. Baiskeli hupima moyo kwa kupitia mapaja. Mbeba mawese wa Manyovu mapaja yake yamezoea kazi hiyo tangu utoto. Mvuvi wa dagaa wa Katonga, anayevuta wavu usiku kucha kwa mikono na mgongo, huenda ana moyo ulio sawa na wake au kuupita, lakini akipandishwa kwenye pedeli mapaja yake yatawaka moto kabla ya moyo kusema neno. Hata miongoni mwa watu wa kawaida, wasiozoea baiskeli hupata kadiri ya chini kuliko wakipimwa kwa kukimbia, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 15. Na mwanamke anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani kila asubuhi, ambaye hajapanda baiskeli maishani mwake na ambaye kanga yake haimruhusu kuipanda mbele ya watu, atapimwaje? Kwake ni bora kipimo cha kupanda na kushuka kibao kwa mwendo maalum, kisha mapigo yakahesabiwa anapopumzika. Kipimo hicho kilitengenezwa Harvard, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nacho kilitumika Kenya na Lani Stephenson, Michael Latham na wenzao kuwapima wavulana wa shule waliokuwa na minyoo. Katika taarifa za mwaka 1990 na 1993 walionyesha ya kuwa dozi moja ya albendazoli ilitosha kuyaboresha matokeo ya watoto hao. Kibao cha mbao hakina timazi wala ukanda wa kukaguliwa, nami ningekipendelea kwa zahanati ya kijiji kabla ya baiskeli yoyote.

Kwa wale watakaoitumia baiskeli, nayaweka hapa maneno ya kumwambia mpimwa, ili yajaribiwe na kusahihishwa na wenye masikio ya Kigoma kuliko mimi: “Shikamoo mzee. Tutahesabu mapigo ya moyo wako unapokanyaga baiskeli hii. Haiendi popote, wala haya si mashindano. Kanyaga kwa mwendo wa mlio huu unaousikia, usiupite wala usibaki nyuma. Pumua upendavyo. Shika usukani bila kuukaza. Ukiona kizunguzungu au kifua kikiuma, tuambie mara moja.” Kwa kijana, shikamoo itatoka kwake, na mzee atakuwa ndugu.

Limebaki neno la mwisho wa zoezi, na hilo limenisumbua kuliko mengine. Wapimaji husema “simama”. Lakini kusimama kwetu ni kuacha kwenda, na tena ni kuinuka kwa miguu. Anayepanda Mwanga na mzigo, kilima kikimshinda, husimama juu ya pedeli ili uzito wa mwili wote umsaidie kukanyaga. Mwambie mtu wa namna hiyo “simama” katika dakika ya sita, na yaelekea atainuka kwenye kiti akanyage mara mbili ya alivyokuwa akikanyaga. Tena si vizuri aache ghafula, kwa maana damu hubaki miguuni, na kichwa chaweza kuzunguka. Kwa hiyo msimamizi aulegeze ukanda kwanza, kisha aseme: “Endelea kukanyaga polepole.” Baada ya dakika mbili au tatu, mapigo yakiwa yameshuka, aseme: “Sasa acha,” naye amshike mkono anaposhuka.